Nilivuka Mto Kabla ya Wenzangu, Nikamsingizia Shemeji Bhoke

Nimekosa, ndugu zangu. Na sitasema shetani alinipitia, maana siku ile shetani angepita kwangu angenikuta kazi yake nimeshaimaliza, nimekaa kwenye kochi natafuna karanga.

Naomba jina langu lisitoke. Ya wenzangu nimeyabadilisha, ingawa huku Tarime hata ukitunga jina utamkuta mtu analo.

Mimi ni mwanaume wa nyumbani. Nalisema mapema ili usije ukaniwazia misuli. Naishi Nyamisangura. Mbele ya nyumba nina kiduka, nyuma ya nyumba nina kuku, na kati ya duka na kuku ndipo maisha yangu yote yalipo. Anayetoka ni mke wangu. Anakwenda Sirari kuchukua mitumba, anarudi na nguo pamoja na habari za dunia. Wakurya wenzangu wananicheka: "Mura," yaani kijana, "mwanaume gani anajua bei ya nyanya kuliko bei ya ng'ombe?" Nacheka nao. Bei ya nyanya naijua kweli.

Kitu kilichokuwa kinanikutanisha na watu ni kimoja tu, muvi za upelelezi. Mtu kakutwa stoo amekufa, mlango umefungwa kwa ndani, na ndugu wote wanalia isipokuwa mmoja. Hapo aniite nani aniite, mimi siinuki!

Nikaanzisha kundi kwenye simu, nikaliita Nani Kamuua. Lilianza na majirani watatu wanne, wakaleta wenzao, nikashtukia lina watu wa Nyamongo, wa Mugumu, hadi vijana wa Sirari, kule mpakani, wanaoandika Kiswahili cha ng'ambo, cha Kenya, "hii muvi imeweza!" Mimi nikiwa admini. Mtu ambaye hata ukuu wa kaya unamshinda, sasa ana watu anaowaambia nyamazeni na wananyamaza. Utamu wake hauelezeki!

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Tunachagua muvi moja, ile iliyotafsiriwa na dijei, yule anayewasalimia jamaa zake wakati maiti bado iko chini. Kila mtu anaitafuta, kwenye flashi au kwenye simu. Jumamosi tunaangalia hadi sehemu tuliyokubaliana, tunasimama. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, tunaanza kubishana nani muuaji. Juma, fundi cherehani wa Mugumu, alikuwa anatusubiri huku anatutania: "Harakisheni ibada zenu, mie ya kwangu nilimaliza Ijumaa, na muuaji nimeshamjua." Ubishi unaendelea wiki nzima, halafu Jumamosi inayofuata tunamalizia muvi kwa pamoja.

Ile sehemu ya kusimama tuliiita mto. Jina alilitoa Mzee Nyamhanga, naye wa Mugumu, askari wa wanyamapori mstaafu. Alisema, "Nyumbu wakifika mtoni wanasubiriana. Anayejitosa peke yake ni chakula cha mamba." Basi mtu kuangalia mbele kabla ya wenzake tukaita kuvuka mto. Hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Matusi tulisamehe, siasa tulisamehe, hata yule aliyetuma picha za harusi ya shangazi yake tulimsamehe. Kuvuka mto, hapana!

Sasa kulikuwa na Bhoke. Huyu ni mama anayepika chakula Nyamongo, kihoteli chake kinajaa wachimbaji. Ni wa ukoo mmoja na mke wangu, kwa hiyo mimi na yeye ni mashemeji, na utani wetu ulikuwa hauna breki. Hakupenda kuandika. Alituma sauti, na nyuma ya sauti unasikia sufuria na watu wanaomba ugali uongezwe.

Bhoke alikuwa anapatia. Kila muvi! Na siri yake alikuwa anatuambia bure kabisa.

"Shemeji, yule mjomba tangu muvi ianze hana kazi. Anakunywa chai na kutabasamu. Jamani, wamemlipa akae tu kwenye kochi? Kuna kazi wamemwekea huko mbele. Muuaji ni yeye."

Tunamcheka. Jumamosi tunamalizia, mjomba anafungwa pingu.

Na mimi? Sijawahi kupatia hata kwa bahati mbaya. Nilishamtaja mpelelezi mwenyewe. Nilishamtaja mtoto mchanga, nikidai analia kwa mpangilio. Kuna siku nilimtaja marehemu! Wakanipa jina, Mpelelezi wa Kuku. Ikawa nikishataja mtu, vijana wa Sirari wanaandika, "Huyo amepona, Mpelelezi wa Kuku kamshuku. Tutafute mwingine."

Nilikuwa nacheka nao. Lakini usiku... hapana, siyo usiku, nisijipambe. Hata mchana, nikiwa nawamwagia kuku pumba, lilikuwa linaniuma. Admini mzima!

Ikaja muvi ya tajiri mmoja aliyekutwa amenyongwa kwenye zizi la farasi wake. Ndani ya ile nyumba kuna mke, kaka, mtunza farasi na daktari wa familia. Mto tuliuweka pale mpelelezi anapoinua zulia na kusema, "Hee!"

Jumamosi ile mvua ilinyesha, mke wangu yuko Sirari, dukani haingii mtu. Nikaangalia hadi kwenye "Hee!" Nikasimamisha. Nikatoka nikaangalia kuku. Nikarudi. Nikajiambia nisogeze kidogo tu, nijue chini ya zulia kuna nini, mto wenyewe si nimeuweka mimi?

Nikaenda mpaka mwisho, majina ya waigizaji yanapanda.

Muuaji alikuwa daktari. Huyu daktari nusu ya kwanza yote anavaa glavu, kwao kuna baridi. Nusu ya pili anazivua, na kwenye kiganja ana kovu la kamba aliyomnyongea tajiri.

Jumapili nikaingia kundini kifua mbele. Nikaandika: "Leo namtaja daktari. Na ushahidi ninao, lile kovu la kiganjani."

Ujinga gani huu! Nimeangalia muvi za wauaji tangu niko sekondari, najua kwamba kila mkosaji anajikamata kwa mdomo wake, na bado mdomo wangu nikaupeleka mwenyewe polisi.

Ikaingia sauti ya Bhoke, anacheka, wala hana nia mbaya: "Kovu gani tena, shemeji? Mbona daktari ana glavu? Au macho yako yanaona hadi ndani ya glavu, kwa kukaa gizani na kuku?"

Nikahisi kundi zima limegeuza shingo kuniangalia. Na hapo ndipo lilipo kosa langu lenyewe. Kuvuka mto ulikuwa utoto. Hili lililofuata ndilo linaloninyima raha.

Nikajibu: "Kopi yangu inaonyesha vizuri. Ila wewe shemeji, hebu tuambie ukweli. Wewe ndiye kila muvi unapatia. Inawezekanaje, kama huvuki mto?"

Suala la kovu likazikwa palepale. Kopi zetu zote zinarukaruka, kila mmoja alidhani kwake kipande kimeruka. Lakini Bhoke kupatia kila siku? Hilo watu walikuwa nalo moyoni muda mrefu. Kumbe wivu haukuwa wangu peke yangu! Mmoja akaandika, "Hata mimi nilikuwa najiuliza." Mwingine, "Mama Nyamongo, jieleze."

Bhoke akajieleza kama kawaida yake. Mtu asiye na kazi kwenye muvi ndiye muuaji. Hawakumwamini. Nikaona nipigilie msumari. Nikasema tuitishe iritongo.

Kwa usiye wa huku, iritongo ni kikao cha wazee wetu wa Kikurya. Kitu kikiibiwa na mwizi hajulikani, watu wanakaa, wanaotiliwa shaka wanatajwa, na atakayeonekana na kosa anatozwa faini au anatengwa. Babu yangu alikuwa anasema faini inalipwa ikaisha, lakini kutengwa kunakula mtu. Huazimwi hata moto. Unasalimia, hujibiwi.

Tukaifanya kwenye simu. Kila mtu amtumie admini jina la anayemshuku, kwa siri. Umenielewa? Aliyevuka mto ndiye aliyekusanya kura!

Bhoke mwenyewe alichukulia utani. "Iritongo ya wazee mimi ningekuwa jikoni. Angalau nyie mmenialika."

Wengi wakamtaja yeye. Mzee Nyamhanga peke yake hakutaja mtu, aliandika, "Mimi nyayo sijaziona." Nikasoma hukumu kwa sauti nzito, nimebana na pua kidogo: Bhoke ametengwa, asijibiwe neno mpaka muvi hii na inayofuata ziishe.

Ikaja sauti yake, fupi, na safari hii sufuria hazisikiki. "Sawa. Siku mkijua, mtaniita."

Nilidhani atanuna siku mbili tatu, tutamcheka, tutamrudisha. Bhoke hakununa. Kila asubuhi alituma salamu. "Habari za asubuhi wapendwa. Huku Nyamongo mvua." Tiki zote zinageuka bluu, hakuna anayejibu. Kesho yake, "Habari zenu jamani. Mzee Nyamhanga, mguu unaendeleaje?" Hata mzee, kwa kuheshimu kikao, hakujibu kundini, ingawa baadaye nilijua kwamba alimpigia simu pembeni. Ilikuwa kama mtu anabisha hodi kwenye nyumba anayoona kabisa moshi unatoka jikoni.

Na kila salamu naisoma mimi wa kwanza, maana mimi niko nyumbani.

Jumamosi tukamalizia muvi. Daktari akavua glavu, kovu likaonekana, pingu zikafuata. Kundi likalipuka! "Mpelelezi wa Kuku kapatia!" "Leo kuku wametaga dhahabu!" Juma akasema atanishonea koti la upelelezi. Pongezi nilizozisubiri tangu nianzishe kundi, zikaja zote siku moja.

Nikazipokea. Niliandika, "Ni akili tu." Ndiyo, niliandika hivyo! Nione aibu mara ngapi?

Jumatatu simu ikaita. Mzee Nyamhanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Uko nyumbani?"

"Nipo, mzee."

"Najua upo, mimi nauliza kwa adabu tu. Sikiliza, mura. Mimi nimefuata majangili porini mpaka goti limekwisha. Ile glavu imevuliwa upande wa pili wa mto. Wewe ulilitaja kovu tukiwa bado upande huu. Ulilionaje?"

"Nadhani kopi yangu, mzee, ina vipande..."

"Kopi yangu nani alinitumia? Si wewe, kwenye flashi, kwa basi la Mugumu? Ni kopi hiyohiyo."

Nikachungulia dukani labda kuna mteja wa kuniokoa, hakuna.

"Nenda kwa yule mama," akasema. "Usimwandikie. Nenda. Ukirudi uwaambie watu mwenyewe. Mimi sitakusemea, ila sitakusubiri mpaka nizeeke, nimeshazeeka tayari."

Nikasema ndiyo mzee, kesho.

Kesho kuku mmoja akaonekana kama anaumwa. Keshokutwa mvua. Siku iliyofuata nilikuwa nasubiri mzigo wa sabuni. Nyamongo si mbali, watu wanakwenda na kurudi kwa bodaboda kabla chai haijapoa. Kwangu ikawa ughaibuni. Ukweli ni kwamba nilitaka Bhoke amalize adhabu yake, arudi, na mambo yafe kimyakimya bila mimi kusema neno.

Hakumaliza. Asubuhi moja alituma salamu, tiki zikageuka bluu. Jioni tukaona maandishi madogo, yale ya kijivu, kwamba Bhoke ameondoka kwenye kundi.

Mzee Nyamhanga akaandika mstari mmoja: "Mimi sikai kwenye iritongo ambayo mwizi ndiye mwenyekiti." Akaondoka.

Watu si wajinga, wamefundishwa na muvi zilezile. Mmoja akauliza, "Kovu alilionaje kabla?" Mwingine, "Kura si alikusanya yeye?" Juma akaandika, "Mpelelezi, ni wewe?" Nikaanza kuandika jibu, nikafuta. Nikaandika, nikafuta. Wao wanaona tu kwamba naandika, naandika. Juma akaondoka. Ameondoka, ameondoka, ameondoka, kama kuku waliosikia mwewe. Vijana wa Sirari walikuwa wa mwisho, na hata wao waliondoka bila kuacha utani.

Mke wangu aliporudi na mzigo wake kichwani akauliza, "Baba, leo simu imetulia hivi, imekufa?"

Nikamweleza yote. Alianza kwa kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye mzigo. Nilipofika kwenye zile salamu za asubuhi, akaacha.

"Bhoke? Dada yetu? Anasalimia hajibiwi, na wewe unasoma?"

"Ndiyo."

"Kesho unakwenda Nyamongo. Na kuku wako nawalisha mimi, usije ukaniambia wana homa."

Nikaenda. Kihoteli cha Bhoke kilikuwa kimejaa, wachimbaji na vumbi lao, runinga ukutani, na kwenye runinga, nisamehe, muvi ya upelelezi. Alikuwa anapakua ugali. Akaniona, hakushtuka.

"Shemeji! Leo jua limetoka magharibi? Umetoka nyumbani kwa miguu yako, au nyumba imeungua?"

"Shemeji, nimekuja kusema."

"Kaa kwanza ule."

"Niseme kwanza. Niliyevuka mto ni mimi."

"Najua," akasema, akaniwekea sahani. "Mchuzi wa nyama au dagaa?"

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu kovu. Ulipolisema tu nikajua. Nilikutania nikidhani utacheka, useme jamani nimekamatwa, tucheke wote yaishe. Wewe ukanirukia."

"Kwa nini hukusema kwenye kikao?"

"Nikuseme mbele ya watu? Mume wa dada yangu? Niliona nikusubiri. Kila asubuhi nikisalimia nilikuwa nasema, leo atajibu. Hata kama hatakiri, atajibu salamu. Salamu tu, shemeji!" Akafuta mikono kwenye kanga. "Dagaa basi, nyama imebaki kidogo na hawa wanaipenda."

Mchimbaji mmoja wa meza ya jirani akageuka. "Mama, huyu ndiye yule wa kovu?"

"Ndiye."

Hoteli nzima ikageuka! Kumbe mimi ni maarufu Nyamongo. Mmoja akaninyooshea kiganja. "Mzee, hebu nitazame, nina kovu? Ngoja kwanza nivae glavu." Wakacheka mpaka runinga haisikiki. Nilikula dagaa wale huku wamenizunguka. Kila tonge na kicheko chake, na walikuwa na haki.

Nilipomaliza nikamwomba arudi. Nikamwambia nitawaita wote, nitakiri, yeye atakuwa admini.

Alitikisa kichwa, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nimekusamehe, shemeji, mwambie dada asikunyime chakula. Lakini sirudi. Hapa nikisema muuaji ni fulani, hawa wananibishia papo hapo, wananiita mchawi, wanakula, kesho wanakuja. Hapa nikiamka nikasema habari za asubuhi, naitikiwa."

Akaitwa kuongeza ugali, akaenda.

Nimerudi nyumbani. Nimewapigia wenzangu mmoja mmoja, nikakiri. Mzee Nyamhanga aliniitikia marahaba, akasema vizuri, akakata. Juma alicheka, akasema koti halipo tena. Hakuna aliyerudi. Kundi bado lipo, sina moyo wa kulifuta. Lina watu wawili, mimi, na mimi kwa laini yangu ya pili. Jumamosi naangalia muvi, nasimama pale "Hee!" inaposemwa, nageuka nimuulize mtu nani muuaji. Mke wangu ameshalala na kuku wananitazama.

Kwa hiyo nakuonya wewe mwenye kundi lako la muvi, la mpira, la kwaya, la kufa na kuzikana. Ukiona mwenzako anapatia kuliko wewe, muulize anafanyaje, na akikueleza, mwamini. Ukikamatwa na kosa la kuchekwa, kubali uchekwe siku hiyohiyo, kicheko hakiui. Na ukimwona mtu anasalimia asubuhi na wote mmenyamaza, mwitikie, hata kama kikao kimekataza, hata kama mwenyekiti ni mimi. Mwitikie leo. Kesho anaweza akawa amepata wengine wa kumwitikia.